Nilimfunda Mwali Uongo Nilioishi Nao Mwenyewe

Jamani, nimekosa mimi, na sitaki mtu anitetee. Mimi ni kungwi, mkazi wa Kihonda hapa Morogoro, na nimefunda mabibi harusi wengi mpaka nimeacha kuwahesabu. Ninayetaka kumsema ni mmoja, mtoto wa kaka yangu. Nimwite Rehema, ingawa si jina lake.

Kwanza niseme la kwangu. Tangu nivunje ungo sijawahi kumtamani mwanamume. Wala mwanamke, kabla hamjauliza! Nilikuwa nasikia wenzangu wakisema moyo unawadunda, nikadhani ni maneno ya nyimbo tu. Niliolewa, nikakaa na marehemu miaka kumi na tisa. Alikuwa mtu mpole, na ya chumbani nilimfanyia kama ninavyopiga deki: kazi ikiisha, imeisha. Ukungwi wenyewe niliuweza kwa sababu hiyohiyo. Niliyofundishwa kwetu milimani niliyakariri yote, maana sikuwa na langu la kuongezea.

Rehema alikuwa amemaliza chuo pale Mazimbu, na posa imeshapokelewa. Siku ya kwanza ya kumfunda akanipa kitabu cha hadithi, kimechakaa kwa kusomwa.

"Shangazi, naomba usome hiki kwanza. Huyu dada wa humu ndani ndiye mimi."

Nilikisoma barazani huku nachambua maharage. Kilimhusu fundi cherehani asiyetaka mume wala mpenzi. Hakuwa ameachwa na mtu, hakurogwa, wala hakuwa mtawa. Hamu hiyo hakuwa nayo tu, na mwandishi hakumpa ugonjwa wala hakumwoza mwishoni. Mungu wangu! Miaka hamsini na mbili nilikuwa sijakutana na mtu kama mimi, hata wa kubuniwa. Maharage yalinimwagika, nikawaachia kuku.

Jioni Rehema akaniuliza, "Umekionaje?"

"Hadithi za watu hizo," nikasema.

Akanisogelea. "Samahani Shangazi, eti wewe marehemu ulikuwa unamtamani?"

Ningesema "hapana" tu, basi! Kaka yangu hunisikiliza. Posa ingerudishwa, watu wangenuna wiki mbili wakasahau. Lakini niliona jina langu la ukungwi likizama, nikaona watu wakimcheka marehemu kaburini.

"Nilikuwa namtamani kama maji ya kunywa!" nikamjibu.

Sikuishia hapo. Nilimwambia kaka kwamba binti ana jini mahaba, akaogeshwa dawa. Kitabu nikakiwashia jiko. Kisha nikamfunda kama ninavyojua mimi: fumba macho, panga kichwani mboga ya kesho, itakwisha.

Akaolewa, akahamia Dumila. Mwezi wa saba wa ndoa akarudi kwa baba yake peke yake na begi lake, amekonda. Mumewe hakuwahi kumpiga wala kumtukana. Huyo mume alinipigia simu mwenyewe, sauti imemkauka.

"Shangazi, mwenzangu ananivumilia tu. Nimechoka kuvumiliwa."

Kumbe nilikuwa nimeharibu wawili! Na marehemu je, naye alikuwa anajua? Hilo sina wa kumuuliza.

Nilimfuata Rehema jikoni kwa kaka yangu, nikamweleza yote, hata habari ya kitabu. Nilitegemea alie, au anitukane. Alikuwa anakuna nazi, wala hakuacha kukuna.

"Nilijua, Shangazi," akasema. "Nisingejua, ningekuletea wewe kile kitabu?"

Sikulia. Mpaka leo sijalia, niko kama mguu uliokufa ganzi. Nikienda pale ananiamkia, ananipa kiti, ananiletea chai, halafu anarudi zake ndani. Hanichukii, jamani! Afadhali angenichukia. Nimeacha kufunda, na wanaokuja kuniita nawaambia magoti yananiuma.

Mashangazi wenzangu, makungwi, akina mama, nawaomba. Mtoto akisema hataki, msikimbilie majini wala dawa. Na kama analosema unalo na wewe, mwambie, hata kama sauti itatetemeka, hata kama mtaa mzima utacheka. Yule mtoto alikuwa anatafuta mtu mmoja tu aliye kama yeye. Nilikuwepo, nikamwoza.