Jina la Tito na Mkasi wa Duka la Baiskeli

Nakumbuka siku moja mbele ya duka la baiskeli hapa Kisangani, sahani ya santuri ilikatiza kilio cha mama aliyefiwa na mwanawe majini, na mahali pa jina la marehemu ikaanza kusifu baiskeli. Mama mwenyewe alikuwa amesimama pale, bega lake likigusa langu. Alikuja kusikia jina. Akasikia gitaa, na wanaume wakiimba kwamba baiskeli ya duka hili haichoki mlimani.

Mwanangu, miaka mingi imepita na miguu yangu inanibeba kwa shida, lakini siku hiyo sijaisahau. Acha nikueleze kwa mpangilio, usije ukadhani ni hasira ya bibi kizee tu.

Miaka ile ya hamsini, mume wangu Saidi alikuwa fundi cherehani aliyependa muziki kuliko nguo. Aliuza cherehani moja, akanunua mashine ya kunasa sauti kutoka kwa Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao, akaanzisha kampuni ya sahani na kuiita Kasuku. Kampuni ni neno kubwa. Ilikuwa ni sisi wawili, chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mablanketi tuliyoyatundika ukutani ili sauti isirukeruke.

Asubuhi nilifagia, kisha nikawafukuza kuku wa jirani, maana jogoo wao aliwahi kuwika katikati ya wimbo wa mapenzi na ikabidi tuanze upya. Mvua ikinyesha tuliacha kazi, kwa sababu bati lilipiga kelele kuliko ngoma. Ng'ambo ya mto, kule Lubunga, gari moshi likipiga honi, Saidi aliinua mkono na wanamuziki wote wakanyamaza, vidole juu ya nyuzi, wakingoja limalize. Sahani zilipofika kutoka Ulaya zilikotengenezwa, mimi ndiye niliyezitoa kwenye majani makavu na kuzipiga moja moja kwenye gramafoni. Zilikuwa nzito, na zilivunjika upesi kama vyungu. Zilizokuwa nzima nilizibeba kichwani hadi sokoni, nikaweka gramafoni karibu na wauza pombe, nikatazama wimbo gani unawasimamisha watu. Jioni nilimwambia Saidi nilichoona, naye alijua awaite kina nani tena.

Huko Ulaya tusingefika bila Patron. Ndivyo sote tulivyomwita Mzungu mwenye duka kubwa la baiskeli karibu na bandari. Yeye alipeleka utepe wetu wa sauti pamoja na maagizo ya duka lake, akalipa kiwanda, na sahani zikauzwa kwake na kwetu. Naye alitaka nyimbo kadhaa zisifu bidhaa zake. Hilo tulilikubali. Vijana wa gitaa walisifu baiskeli zake huku wakicheka, akawapa bia, na hakuna aliyeumia.

Kisha ukaja wimbo wa Mama Alphonsine.

Mama huyu alikuwa wa familia ya wavuvi wa maporomoko ya mto, na mimi nilikuwa mteja wake wa samaki. Mwanawe Tito aliteleza kutoka kwenye miti wanayotundikia mitego juu ya maji makali, mto ukamchukua. Walimtafuta mbali, hawakumpata. Katika ukoo wao, matanga yanapomalizika, wanawake huimba wimbo mmoja unaowataja wote waliochukuliwa na maji, kuanzia wa kale hadi wa mwisho. Huimbwa mara moja tu. Hauimbwi tena mpaka maji yachukue mtu mwingine, na kila mtu huomba siku hiyo isifike. Tito hakuwa na kaburi. Kutajwa katika wimbo ule ndilo kaburi alilopewa.

Saidi alikuwa amemsikia Mama Alphonsine akiimba kanisani, akatamani sana sauti yake. Mimi nilimwambia mume wangu kwamba wimbo wa matanga hauombwi kama unavyoomba chumvi kwa jirani. Lakini mwenyewe Mama Alphonsine akaja nyumbani, akaketi, akatazama mashine kwa muda. Binti yake mkubwa alikuwa ameolewa Barumbu, mimba yake ilikuwa kubwa, asingeweza kupanda boti kuja kumaliza matanga ya mdogo wake.

“Zaina,” aliniuliza, “ile mashine iko nasikia yote?”

“Yote, mama.”

“Hata jina ya mwisho?”

“Hata ya mwisho.”

“Bon. Mukuye. Dada yake naye asikie.”

Siku ya kumaliza matanga tulikwenda kwake, lakini wanaume hawaingii katika duara la wanawake wale. Saidi alibaki nyuma ya nyumba na mashine na betri ya gari, waya ukazunguka ukuta, na mimi nikashika maikrofoni. Maporomoko yalinguruma, lakini Mama Alphonsine aliyashinda. Akamtaja mzee Botamba. Akamtaja Lifoka, shemeji yake. Wenzake waliitikia, wakapiga makofi polepole, halafu wakanyamaza wote, naye akamtaja Tito. Nilikuwa karibu naye hata pumzi yake iligonga vidole vyangu. Tulipofika nyumbani Saidi aliupiga utepe, na jina lilikuwemo, safi kabisa. Nalisema hili kwa kuwa baadaye kulikuwa na watu waliodai kwamba huenda mashine haikulinasa.

Wimbo ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja wa sahani. Saidi aliupangia pande mbili, akaenda mwenyewe kumweleza Patron: wazee upande wa kwanza, Tito upande wa pili, na usiguswe.

“Mais oui, Saidi,” Patron alikubali bila kuinua macho. “Mais oui.”

Tulingoja miezi. Boti ikaleta kreti, na safari hiyo Patron aliifungua dukani kwake kabla ya kutuita. Tulipata habari sokoni: sahani mpya ya Kasuku inapigwa kwa Patron! Nikatuma mtu ng'ambo ya maporomoko. Mama Alphonsine akaja na dada zake, amevaa kitenge kipya, nywele alizonyoa wakati wa matanga zimeanza kuota. Gramafoni ilikuwa mlangoni, watu wamejaa hadi barabarani.

Mengine nimekwisha kukueleza. Sauti yake ilitoka, watu wakatulia. Botamba akatajwa. Lifoka akatajwa. Kisha gitaa.

Kijana mmoja, asiyejua lolote, alianza kuzungusha kiuno. “Mama, machozi iishe!” akampigia kelele. “Nunua kinga, tutembee!” Kinga kwetu ni baiskeli. Watu wakacheka. Nani angewalaumu? Walidhani ni mchezo, msiba uliotungwa ili baiskeli ije kuufariji.

Mama Alphonsine hakucheka wala hakulia. Alingoja mpaka sahani ikaisha, sindano ikakwaruza, karani akaiinua. Ndipo akamgeukia mume wangu, mbele ya wote.

“Saidi. Muliniambia mashine iko na masikio. Hamukuniambia kama iko mutu mwingine na mukasi.”

Saidi akageuka, akaelekea mlango wa duka. Niliishi naye mpaka alipofariki, na sikuwahi kumwona tena na uso ule.

Tuliingia dukani. Patron alikuwa akijaza upepo tairi, amefurahi. Alitueleza kama mtu anayeeleza wema wake. Wimbo ulikuwa mrefu, watu hawachezi msiba, basi aliukata utepe kwa mkasi, akaunganisha kipande cha vijana wa gitaa, na upande wa pili akaweka dansi.

“Ulikata jina ya mutoto,” Saidi alimwambia.

“Bon, Saidi, sikia. Mutu ya kufa hanunue kinga.”

Mwanangu, mimi sikulelewa kuwajibu wakubwa, na miaka ile kumjibu Mzungu kulikuwa na gharama yake. Lakini nilimjibu. “Patron, siku mama yako anakufa, nasi tukate jina yake, tuweke pompi ya kinga?”

Akawa mwekundu hadi masikioni. “Saidi, toa bibi yako inje!”

“Bibi yangu iko nasema vile mimi niko nawaza,” alisema Saidi, na hakunitoa.

Kisha akaomba kipande kilichokatwa, maana utepe ulikuwa huo mmoja tu. Aliomba kwa adabu, na adabu hiyo iliniuma kuliko matusi. Patron alinyanyua mabega. Karani wake, kijana wa Kisangani kama sisi, aliinamisha macho na kutuonyesha kaunta kwa kidevu. Pale palikuwa na mafungu ya spoki za baiskeli, kila fungu limefungwa kwa utepe mwembamba wa rangi ya kahawia unaong'aa. Waliona ni kamba nzuri. Walikuwa wakifungia mizigo tangu Patron alipoukata, na mafungu mengi yalikuwa yameshauzwa.

Tulifungua yaliyobaki. Patron alitutazama tukipiga magoti kati ya spoki zake, akacheka, akarudi kwenye tairi. Nyumbani, Saidi aliunganisha vipande kwa karatasi ya gundi, usiku kucha na kesho yake. Tulisikia makofi. Tulisikia mngurumo wa maporomoko, na mwanamke akikohoa. Tukasikia ule ukimya wa wote kabla ya jina, halafu utepe ukaisha. Jina lilikuwa limekwenda na mteja fulani, limefunga spoki nyuma ya baiskeli, katika barabara nisiyoijua.

Usiniambie kwamba wangeimba tena. Walituambia hivyo wengi, hata watu wa dini. Wimbo ule ulikuwa umekwisha kuimbwa. Kumwomba mama auimbe upya ni kumwomba afiwe upya, na Saidi alikataa hata kulitamka jambo hilo.

Mama Alphonsine hakutuma sahani Barumbu. “Dada yake akisikia hii,” aliniambia nilipokwenda kumwona, “atasema tulimuacha Tito inje.” Akanipimia samaki kama siku zote. Alinitendea vyema mpaka mwisho, na wema wake nao nilishindwa kuubeba.

Saidi alichukua wembe, akaikwangua alama ya Kasuku kutoka katika sahani zilizokuwa zetu, akakataa kuuza hata moja. Patron aliuza zake, zikapendwa. Zilipigwa harusini! Jamaa zetu walimcheka mume wangu: mtu mzima anagombana na riziki yake kwa sababu ya jina moja. Alirudi kwenye cherehani iliyobaki, akashona suruali za watu, mpaka tulipompata nahodha wa boti aliyekubali kutupelekea utepe wetu Leopoldville, kwa watengeneza sahani wengine. Kazi ikawa ya polepole zaidi. Lakini tangu hapo hakuna sahani yetu iliyotoka kabla ya aliyeimba kuisikia, ameketi kwenye kiti chetu, na kusema ndiyo. Kama alisema hapana, tuliiacha. Wengine walitusumbua sana, mwanangu, nakubali. Kuna mmoja alikataa sahani nzima kwa sababu alisikika amezeeka.

Jina moja tu! Mpaka leo nasikia watu wakisema hivyo. Mwenye duka alikuwa na ukuta mzima wa kuandika jina lake, na lori, na mifuko. Tito alikuwa na pumzi moja ya mama yake, na hiyo hiyo ndiyo iliyochukuliwa.

Sasa nyinyi vijana mmefungua studio zenu, mnakata na kuunganisha kwa kidole, bila mkasi. Siwapingi, hata Saidi angefurahi kuona. Ila nisikilize. Mtu akija kukuimbia, kabla hujawasha chochote muulize ni neno gani ambalo bila hilo wimbo si wake tena. Akikujibu, lilinde neno hilo hata dhidi ya anayekulisha. Anayekulisha akitaka sifa, mtungie wimbo wake, mwimbie vizuri, umpe. Usimwekee sifa zake ndani ya kinywa cha mwingine. Na usiruhusu sauti ya mtu itoke mlangoni kwako kabla masikio yake mwenyewe hayajaipitisha, hata kama boti inaondoka, hata kama wateja wamesimama nje. Siku utakayoambiwa kwamba wafu hawanunui, chukua kazi yako uondoke hapo. Utakula kidogo. Sisi tulikula kidogo, na tupo.

Mungu akupe masikio yanayovumilia mpaka mwisho wa wimbo. Akupe watu watakaokuamini, na akuepushe na aibu ya kuwaangusha. Nyumba yako ijae sauti, na watoto wako watajwe wote, asisahaulike hata mmoja.

Nina neno lililobaki. Mwezi uliopita redio ya hapa mjini iliipiga ile sahani, na mtangazaji akacheka, akasema ni tangazo la zamani la baiskeli. Nilipanda pikipiki ya kukodi, mjukuu wangu akinishika kiuno kwa nyuma, nikaenda redioni. Nikamwomba yule kijana kwamba wakiipiga tena, mwishoni aseme tu: Tito. Alikuwa na heshima.

“Mama, siye tunapigaka vile tuliipata,” alisema. “Lakini nitauliza wakubwa.”

Waliipiga tena juzi. Nilikaa karibu na redio mpaka gitaa likaisha. Likafuata tangazo la sabuni.