Kigoda cha Mzee Ekaale

Mimi ni mpishi wa shule hapa Lodwar, na siku hizi nikimwona Mwalimu Levis nageuza uso. Sina haja ya kuficha.

Jirani yangu Akai amezika watoto watatu. Wa nne, Nakiru, alipougua, Mzee Ekaale, emuron wetu anayetuombea na kutuagulia, alichinja mbuzi akamfunga ukanda wa ngozi ile shingoni. Akasema aliyefunga ndiye atakayefungua, mwingine akiugusa, mtoto atawafuata nduguze kaburini. Nakiru akapona, akakua, akafika darasa la mtihani na ukanda wake.

Ndipo tukaletewa Mwalimu Levis awe mkuu. Alisema shule ya serikali haina dini, mambo ya uganga yabaki nyumbani. Haina dini, na kila Ijumaa tunaombewa gwarideni mpaka uji unapoa! Nikamkumbusha wasichana wa Kiislamu wanavaa hijabu. Akanijibu wao walileta barua ya imamu. Akai naye alete barua ya kiongozi wake kabla ya mtihani wa Jumatatu, la sivyo Nakiru haingii na ukanda ule.

Akai alipanda lori mpaka Kakuma, kisha akatembea siku mbili kumfuata mzee, aliyehamisha mifugo upande wa Uganda. Mzee hakuweza kuja, miguu imekwisha. Kuandika hajui. Akampa ekicholong, kigoda chake cha kukalia na kulazia kichwa. Kwetu mzee hatengani na kigoda chake. Kikifika mahali, yeye amefika. Akai alirudi Jumatatu asubuhi, nyayo zimepasuka, lakini anatabasamu, maskini, akijua amebeba kitu kikubwa kuliko barua.

Mwalimu Levis alikigeuzageuza.

"Mama, muhuri uko wapi?"

Akai akapiga magoti. "Nimezika watatu, mwalimu. Huyu niachie."

Kengele ikalia. Nakiru akaja jikoni mbio, akaniomba kisu cha kukatia sukuma wiki. Nilijua ni cha nini. Nikampa. Mungu anisamehe, nilimpa kwa mkono wangu huu.

Nikatoka na ule ukanda uliokatwa kiganjani, nikamwonyesha mama yake. Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliketi chini ya dirisha la darasa akaanza kuvua shanga zake, kamba kwa kamba, kama tunavyovua msibani. Ndani, mtoto wake alikuwa anaandika jina lake kwenye karatasi.