Kipande cha Nyama Shavuni

Bucha ya baba ilinuka damu iliyomwagiwa maji, pamoja na vumbi la mbao alilolitandaza sakafuni kila asubuhi. Harufu hiyo ilimfuata nyumbani, ikakaa kwenye kanzu yake, kwenye kucha, hata kwenye mto wake wa kulalia, na sisi wanawe tuliipenda kwa sababu ilimaanisha maini. Pale kijijini Mkongani hapakuwa na nyumba iliyokula nyama kuishinda yetu. Baba ndiye aliyekuwa mchinjaji wa watu wote. Waislamu walimwita, na majirani Wakristo waliotoka bara nao walimwita, ili karamu zao ziliwe na kila mtu bila wasiwasi. Basi fikiria tulivyoduwaa, kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi, baba aliporudisha bakuli la maini kwa mama na kusema, "Mimi nyama basi. Nipe mchunga."

Mchunga ni majani machungu yanayojiotea shambani, nasi huyapika kwa tui la nazi. Kwetu mtu akila sima kwa mchunga husema leo hana kitoweo, hata kama tumbo limejaa pomoni. Mama alidhani ni mzaha wa siku moja. Lakini baba akaacha na kuku, akaacha samaki, mayai akatuachia sisi, chai akanywa ya mkandaa bila maziwa. Alipobanwa sana alieleza mara moja tu: "Nimeshika shingo nyingi. Nikitia nyama mdomoni, nayaona macho yao. Mikono yangu ni ya watu, nitawachinjia. Mdomo ni wangu." Halafu akaendelea kumenya muhogo wake, hana habari.

Lo, maneno yaliyozuka! Wengine walisema mganga amempa mwiko. Wengine, ati ameingia dini ya wazungu wa Diani wasiokula chenye macho, na baba wa watu hotelini hajawahi kukanyaga, na mchunga ulikuwa ukiliwa Mkongani kabla hoteli ya kwanza haijajengwa. Shangazi Mwanasiti, dada yake, alikuja na sufuria ya supu ya kwato, akalia kabisa. "Damu ya mtu inatoka kwenye nyama," alisema. "Ndugu yangu huyu atakauka kama muhogo wa kuanika." Mimi nilimwamini shangazi. Baba akijilaza mkekani baada ya swala ya adhuhuri, nilikuwa nikimwinamia kutazama kama mbavu zimetokeza, na akikohoa kidogo tu moyo ulinipiga pa! Nilimwona keshakufa, tumeshamzika, na mimi ndiye yatima anayeangaliwa na darasa zima. Kumbe mtu mwenyewe alikuwa akila mbaazi za nazi sahani mbili, na jembe analishika vilevile.

Lakini hofu hiyo ilikuwa ndogo. Ile kubwa niliipata bombani, nikingoja ndoo yangu ijae. Mama mmoja alimwambia mwenzake, bila kujali kwamba nasikia, "Muuza nyama asiyekula nyama, kuna analolijua." Wakatazamana. Sikuhitaji kufafanuliwa. Walikuwa wanasema baba anauza nyamafu, mnyama aliyekufa mwenyewe bila kuchinjwa, yaani anawalisha watu haramu. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwa mchinjaji. Wiki ile vipande vilining'inia kwenye ndoano mpaka alasiri, inzi wakifanya sherehe yao. Na balaa ni kwamba mimi nilikumbuka ng'ombe mmoja aliyeletwa juu ya mkokoteni, amelala, miguu imemlegea. Baba alisema alimkuta hai. Mimi sikuwepo, sikuona. Kikulacho ki nguoni mwako, na huko nguoni mwa baba nilikuwa mimi.

Mzee Salimu, jirani yetu, alikuwa anamwoza binti yake. Alikuja mwenyewe kumwita baba akachinje, akasema waziwazi kwamba ujirani ndio uliomleta, ila watu watamtazama baba kwenye sinia kama atakula. "Wacha watazame," baba akajibu. Mzee alipoondoka, mama alimsihi mpaka machozi yakamlengalenga. "Kipande kimoja tu, baba Mwanamisi, ukate maneno ya watu." Baba akaendelea kunoa kisu chake. Na mimi nilimwomba Mungu ale, ale tu, yaishe.

Siku ya harusi alichinja fahali mbele ya umma wote, kwa bismillahi iliyosikika hadi barabarani. Chakula kikapakuliwa. Kwetu wanaume hulizunguka sinia moja, nyama imerundikwa katikati ya wali, na hakuna mkono unaoigusa mpaka mkubwa wao aimegue na kumwekea kila mmoja fungu lake. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nikiwanawisha watu mikono. Mzee Salimu akamega pande nono akaliweka mbele ya baba. Ua zima liligeuka kumtazama. Baba alilitazama pande lile, akainua kichwa akaniita. "Mwanamisi, njoo mwanangu." Akasema kwa sauti, "Mnajua nampenda huyu. Je, mimi nitamlisha mtoto wangu haramu?" Akamega kipande, akanitia mdomoni.

Nilitafuna. Watu wakapumua, mmoja akacheka, mikono ikarudi kwenye wali. Kesho yake ndoano za bucha zilikuwa tupu kabla ya adhuhuri. Ila mimi siku ile sikumeza. Nilikisukuma kipande shavuni, nikalishika birika langu vizuri, nikapita jikoni, nikaenda nyuma ya choo nikakitema. Niliogopa kwamba maneno ya bombani ni kweli. Fahali yule nilimwona akichinjwa kwa macho yangu mawili, na bado niliogopa.

Leo baba amevuka miaka sabini. Aliugua malaria kama sisi wote na akapona kama sisi wote, na jembe hajaliweka chini. Idd iliyopita nilimwambia habari ya kile kipande, kama bado nina miaka kumi. Akaangua kicheko. "Shavu lilivimba vile, nani asingeliona? Nilikuwa namwomba Mungu usiteme mbele ya watu." Nikamuuliza kama alikasirika. Kicheko kikaisha. "Niliumia, mwanangu," akasema, akajimiminia chai yake ya mkandaa.

Mimi ni mpishi katika hoteli moja ya Diani. Siku hizi wageni wasiotaka nyama, samaki, yai wala maziwa wamekuwa wengi, na wenzangu jikoni huulizana, "Huyu anaishi aje bila nyama? Damu anatoa wapi?" Nawapikia mbaazi na mchunga, nawapelekea mezani mwenyewe. Mgeni huinua macho akaniuliza kama ndani yake hamna kitu cha mnyama, nami humjibu hamna. Hanijui, hajui kwetu, jikoni hakuingia. Huchota kijiko kikajaa, akatia mdomoni, akameza. Mimi hubaki nimesimama pale na trei yangu, nikimtazama koo, kwa sababu neno la baba yangu mzazi lilinishinda kumeza.