Mizunguko Thelathini Aliyobakiza Mama Ngazi

Jengo letu lina ghorofa tisa na lifti moja, na hiyo lifti ilikufa zamani sana. Watoto waliozaliwa baada yake sasa wananyoa ndevu. Kwa hiyo anayezijua ngazi zetu vizuri ni mtu mmoja tu, mama anayezipiga deki kila asubuhi. Jina lake lipo kwenye karatasi za kazini, lakini sisi tumezoea Mama Ngazi, na ameliitikia mpaka mjukuu wake naye akaitwa Kangazi.

Ana mtindo wake wa kazi. Hupanda na ndoo hadi juu kabisa, ndipo aanze kuosha akishuka kinyumenyume, mkono mmoja kwenye tambara, mwingine kwenye reli. Ukipita na viatu vya matope mahali alipokwisha kuosha, hakutukani. Anakutazama tu. Mimi wa ghorofa ya tatu nimetazamwa mara mbili, zinanitosha.

Mwaka ule Kangazi alibanwa kifua, akalazwa wodi ya watoto. Mashine ya oksijeni ilikuwa moja, na vitanda viwili vinaihitaji. Muuguzi anamwekea huyu kidogo, anamtolea, anampelekea yule. Mama Ngazi alikaa kwenye benchi siku nne akiitazama ile mashine ikienda na kurudi. Watoto wote wawili walipona, Kangazi akarudi nyumbani na kelele zake. Lakini bibi yake hakusahau zile dakika ambazo zamu haikuwa ya mjukuu wake, wala jinsi alivyojikuta akifurahi zamu ya yule mwingine ilipokwisha. Hilo la pili aliniambia mara moja tu, tumekaa ngazini, na hajalirudia.

Ndipo akatangaza kwamba Jumapili moja atapanda ghorofa zote tisa na kushuka, huo ni mzunguko mmoja, na atazunguka mara sitini. Mwenye kupenda aahidi chochote kwa kila mzunguko, ili wodi ipate mashine ya pili. Watu walicheka. Binti yake alimwambia hilo goti lake linalia kama bawaba ya mlango. Hata hivyo karatasi aliyoibandika mlangoni ilijaa ahadi mbele na nyuma.

Kazi ya kuhesabu alipewa mlinzi, ambaye tunamwita Afande ingawa hajawahi kuwa askari wa popote. Afande ana daftari lake, na hapiti mtu mbele ya meza yake bila kuandikwa. Mama Ngazi alianza saa kumi na mbili asubuhi. Saa nane mchana, wakati huo mama mwenyewe kwa uchovu hajui kushoto wala kulia, Afande akapiga filimbi: sitini zimetimia. Tukapiga makofi. Tulishangaa alivyowahi, tukasema mazoea hayo. Watu wakatoa walichoahidi, hospitali ikaagiza mashine na kukubali kungoja kidogo kilichopungua.

Jumapili iliyofuata akaona ashukuru, na tangazo la ukutani hakulitaka. Alitaka mlango kwa mlango. Akaazima daftari la Afande awaonyeshe watu, binti yake akamshika mkono, na kama ilivyo kawaida yake wakaanzia juu.

Ghorofa ya tisa anakaa mwalimu mstaafu, mtu aliyesahihisha madaftari miaka arobaini na hawezi kushika daftari bila kulipitisha kidole. Kidole kikashuka, kikasimama, kikarudi juu.

"Mama, huu mstari wa kwanza umepanda. Na huu wa pili?"

"Hapo nimeshuka, Mwalimu."

"Na wa tatu?"

"Nimepanda tena."

Mwalimu akavua miwani, wala hakuwa na haja ya kuendelea. Afande, kwa mazoea ya mlangoni, anayeingia humwandikia mstari wake, na anayetoka humwandikia mwingine. Mistari ilikuwa sitini. Mizunguko ilikuwa thelathini.

Binti yake alijaribu kumtuliza. Fedha zimeshafika, mashine imeshaagizwa, na Mwalimu ni mtu mzima, hili litabaki hapahapa mlangoni. Watu wakidai nusu yao, agizo litavunjika, na watoto watarudi kupokezana pumzi.

"Mama, nani atauliza?"

"Hawa walinipa kwa kupanda," akasema Mama Ngazi. "Hawakunipa kwa kuumwa goti. Tushuke."

Wakashuka mlango kwa mlango. Kila aliyefungua aliambiwa maneno yaleyale: asante kwa mchango wako, nimepanda nusu tu, nusu nyingine ni Jumapili ijayo. Wengi walimwambia yaishe, apumzishe mguu. Mimi nilimvutia kiti, akakataa, akisema akikaa goti litafunga kama duka. Ila muuza vipuri wa ghorofa ya pili aliwaka. Alisema amefanywa mjinga na anataka nusu yake. Mama Ngazi hakubishana naye, ni haki yake. Alimwomba tu angoje Jumapili, aje ahesabu mwenyewe.

Chini walimkuta Afande ameinamisha kichwa mezani, habari imemtangulia. Akasema bora afukuzwe kazi.

"Afande, miaka kumi na saba napita hapa, leo unaniandika kama mgeni?" Hapo hata yeye alicheka.

Jumapili aliyoahidi ilipofika, Afande hakugusa kalamu. Alibana vibanio vya nguo thelathini kwenye kamba, na kila Mama Ngazi aliporudi na kuigusa meza, kimoja kilitupwa ndani ya ndoo. Muuza vipuri alikaa kwenye kigoda pembeni, amenuna, saa yake mkononi.

Baada ya kibanio cha kumi na tisa, mama hakurudi. Zikapita dakika arobaini. Muuza vipuri akapanda kuangalia, na mimi nikamfuata polepole. Tulimkuta ghorofa ya nne, binti yake anamfunga goti kwa kitambaa na kumsihi aache. Kupanda anaweza, alisema, ila kushuka ndiko kunakomkata. Akakaa kidogo akiitazama reli. Kisha akasimama, akapanda hadi juu, na kuanzia hapo akawa anashuka kinyumenyume, mkono kwenye reli, vilevile anavyoosha kila siku. Alijikaza kisabuni, pole kwa pole. Giza lilikuwa linaingia kibanio cha thelathini kilipogonga ndoo.

Muuza vipuri alibeba kigoda chake akaenda zake. Asubuhi tulikuta ameiandika upya ahadi yake kwenye ile karatasi, mara mbili ya ile ya kwanza, na agizo halikuvunjika.

Mashine ilifika baada ya miezi miwili. Mama Ngazi alikwenda kuiona, akarudi, akabandika karatasi mpya mlangoni: Asanteni nyote. Wodi ina vitanda sita.

Afande aliisoma mara mbili, akamuuliza safari hii ni mizunguko mingapi.

"Nunua vibanio vingine," akamwambia, akachukua ndoo, akaanza kupanda.