Kabati la Kufungia Programu

Mkuu wa ofisi yetu alikuwa mtu wa makufuli. Simu ya ofisi, ile ya kuzungusha namba kwa kidole, aliitia kufuli dogo ili tusipige soga na ndugu zetu, na sukari ya chai ya saa nne ilikaa chumbani kwake. Kwa hiyo utepe wenye programu mpya ya takwimu ulipofika kutoka ng'ambo, sikushangaa kumwona anauleta chumbani kwangu ameukumbatia kama mtoto mchanga.

Tulikuwa upande wa Temeke, tukifanya utafiti wa wadudu. Kompyuta ilikuwa moja tu, ya Unix, mfumo wa kuhudumia watu wengi kwa pamoja, nami ndiye msimamizi wake, ikinguruma chumbani kwangu chini ya kiyoyozi pekee cha jengo zima, jambo lililonifanya nipendwe sana miezi ya joto. Wenzangu walikuwa na skrini na kibodi tu, zilizounganishwa na mashine ile kwa nyaya zilizopita darini. Programu ikiwekwa kwenye mashine yangu, kila skrini inaweza kuitumia. Nilimweleza mkuu hayo zaidi ya mara moja. Aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda Keko kwa maseremala, akaagiza kabati la mninga la kufungia skrini yake.

"Programu uiweke humu," aliniambia akilipigapiga lile kabati. "Iwe ya kwangu peke yangu. Hawa wengine wataiharibu."

"Sawa, mzee," nikasema.

Aliyeumia ni dada mmoja mtafiti, mtu wa bara, mpole kupita kiasi, aliyekuwa akichota viluwiluwi vya mbu kwenye mitaro ya Tandale mpaka wauza nyanya wa pale wakawa wanamwita mama mbu. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma nje kwa sharti moja: Ijumaa ya wiki hiyo awaonyeshe wageni wanaotoa nafasi hiyo matokeo yake yakiwa yamekokotolewa. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Kwa mkono, hesabu zile zisingekwisha. Alimwomba mkuu, akaambiwa asubiri mkuu amalize kwanza kazi zake, ambazo hata hazijaanza. Nilimkuta kwenye korido anajifuta macho, anasingizia vumbi. Hasira zikanipanda.

Nikapachika utepe. Programu ikauliza, kwa adabu zake zote, niisakinishe kwa mtumiaji mmoja au kwa wote. Maishani sijaulizwa swali tamu namna ile. Nikajibu wote, nikaegemea kiti, mashine ikautafuna utepe kutwa nzima.

Nilimnong'oneza dada akajaribu. Muda si mrefu akarudi uso umemshuka: kompyuta imemwambia hana ruhusa. Nikaangalia, nikajionea maajabu yangu. Nilikuwa nimesakinisha kwa akaunti ya msimamizi, nikasahau kuwafungulia wengine. Katika ofisi nzima aliyeweza kuitumia programu ile ni mimi tu, hata mkuu mwenyewe asingeweza. Nimetoka kumsema mkuu moyoni kwa uchoyo, kumbe nimemzidi. Nilicheka mpaka dada akanuna.

"Mdogo wangu, mie naikosa nafasi, wewe unacheka?"

Nikaandika amri moja fupi, wote wakafunguliwa.

Kuanzia hapo korido nzima ilichapa kazi kwa heshima na utulivu, tabia ambayo kwetu haikuwa ya kawaida. Kila jioni mkuu alifunga kabati lake, akalivuta kufuli kulijaribu, akatia ufunguo mfuko wa shati na kutuaga kwa furaha. Huku nyuma mbu wa Tandale wanakokotolewa chumbani kwa dada, mwisho wa korido. Alilalamika mara moja tu, kwamba programu yake inachelewa. Nikamwambia labda ni joto.

Ijumaa dada akasimama mbele ya wageni na michoro yake. Waliuliza, akajibu, na mwisho wakampa mkono mmoja mmoja. Nafasi ikawa yake. Nilipiga makofi peke yangu kabla ya wengine, bila aibu. Mkuu alikuwa anapapasa mfuko wa shati.

Wageni walipoondoka alinivuta chumbani kwake. Kufuli lilikuwa palepale, halijaguswa. Akalizunguka kabati, akainama kukagua bawaba za nyuma.

"Binti, nani mwingine ana ufunguo wa hili?"

"Hakuna, mzee. Ni wewe tu."

Ulikuwa ukweli mtupu, ndiyo maana uso wangu ulitulia.

Jumatatu alikuja na kufuli kubwa kuliko la kwanza. Dada alikuwa amekuja kuaga. Akamwamkia shikamoo kwa adabu, akaweka chini mkoba wake, akamshikia mlango wa kabati mpaka kufuli likaingia.