Bi Harusi Haketi Juu ya Wimbo

Harusi iliyonikosa mimi, kuanzia Bwera mpaka Maliba kule chini ya milima, haikuwa harusi. Ilikuwa chakula tu. Watu watasema najisifu, basi na wajisifu wao kama wana cha kujisifia. Waliokuwepo bado wako hai, waulizwe.

Shule niliiacha darasa la pili. Nikabeba chumvi ya Kabatoro, kwanza mgongoni, baadaye juu ya malori ya watu, na Kiswahili changu hiki nilikiokota huko huko juu ya magunia. Chumvi inakula ngozi ya mabega. Jasho likiingia pale ilipokula, unaita mama yako. Kwa hiyo niliapa kwamba siku nikipata kazi ya kukaa kivulini, hakuna mtu atakayenirudisha kwenye gunia.

Kazi hiyo nililetewa na Mkongo mmoja wa Butembo, mfanyabiashara, Mkatoliki wa rozari shingoni. Alikuwa akivuka mpaka kila siku ya soko na vitenge vyake. Uhuru ulikuwa bado mpya, na siku hiyo alivuka na gramafoni: sanduku la mbao lenye tarumbeta kubwa, na mpini wa kuzungusha kama mtu anayewasha lori la zamani. Chini ya vitenge kulikuwa na sahani nyeusi, nzito, zilizofungwa kwa majani ya migomba zisivunjike.

"Kamata hii, papa," akaniambia. "Miye nimechoka kuibeba. Ukipiga hii hapa sokoni, batu bote batakuja."

"Anayeimba yuko wapi?"

"Iko ndani ya mistari."

"Mistari ipi?"

Akaigeuza sahani juani. Nikaona duara ndani ya duara ndani ya duara, nyembamba kuliko nywele. Nilitoa mbuzi wangu wote, nikambebea vitenge vyake mpaka mwisho wa soko, na jioni nikaenda nyumbani na lile sanduku. Mke wangu aliuliza mbuzi wako wapi. Nikazungusha mpini, nikashusha sindano. Hakuuliza tena mpaka kesho yake.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Sahani ya kwanza kuvunjika sikuitupa. Nilikitazama kipande kwa macho, nikakikwaruza, nikakilamba. Kina ladha ya masizi. Halafu nikachukua nzima, nikaweka ukucha kwenye ukingo, nikaanza kuufuata mstari polepole, siku nzima ya mvua, nikitafuta mahali unapoishia ili uanze wa pili. Hakuna wa pili! Ni mstari mmoja tu, unazunguka kutoka nje mpaka katikati. Wimbo mzima ni njia moja, kama ile ya kupandia mlimani. Nilimweleza yule Mkongo, naye alikuwa amebeba sahani hizo miaka na miaka bila kujua. Alijishika kichwa.

"Muzee, weye iko na akili ya kutisha."

Sasa nitaeleza desturi ya kwetu, maana bila mimi isingekuwepo. Harusi moja Bwera, bi harusi alifika kwa mume wake, akakanyaga kiingilio cha uwanja, nami nikashusha sindano. Akatembea na shangazi zake kwa ule mwendo wa bi harusi, mguu mmoja leo na mwingine kesho. Alipofika kwenye mkeka na kuketi, wimbo ukaisha. Hapo hapo! Sikupanga. Lakini kina mama walipiga vigelegele mpaka kuku wakapanda juu ya nyumba, na mwaka haujaisha yule binti akazaa mapacha. Basi, ikawa hivyo. Tangu siku hiyo hakuna shangazi aliyekubali bi harusi aketi wimbo ukiwa bado unaendelea, wala wimbo uishe akiwa bado amesimama.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu hasa, si kuzungusha mpini. Siku moja kabla ya harusi nilikuwa nakwenda kwenye boma la bwana harusi na kutembea kutoka kiingilio mpaka mkeka, kwa mwendo wa bi harusi, mimi mwanamume mzima na masharubu yangu, watoto wakinicheka. Uwanja mrefu, nachagua sahani ndefu. Uwanja mfupi, namwambia mwenye nyumba autandike mkeka nyuma zaidi. Na shangazi naye alikuwa na kazi yake: kutazama ule mkono wa gramafoni unaobeba sindano. Mkono ukikaribia katikati ya sahani, anamfinya bi harusi kiunoni ili akaze mwendo. Mkono ukiwa bado mbali, anamrudisha nyuma kidogo. Sahani huonekana ikiisha. Hilo sikulifikiria wakati ule, lakini lishike.

Zilikuja sahani ndogo nyepesi, zenye tundu kubwa katikati, na mashine za betri. Wachimba madini wa Kilembe walizinunua Kasese kwenye maduka na kuzibeba kwapani Jumapili kama watu waendao misa. Baa zote zikawa nazo. Mimi niliendelea na zangu nzito kwa sababu ndizo nilizozijua kwa miguu. Miaka ya mbele sindano za chuma zilipoadimika madukani, nilichonga miiba ya migunga ya kule tambarare. Mwiba unaimba kwa sauti ya chini zaidi, na hauli sahani. Nani alinifundisha? Hakuna.

Halafu ikaja kaseti.

Aliyeileta kwetu alikuwa mwenye lori mmoja wa Kasese, Mwislamu, kofia nyeupe, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Alikuwa akipeleka kahawa Kampala na kurudi na vitu. Miaka ya sabini ilikuwa imefika katikati, vitu vyenyewe haba, lakini yeye alirudi na redio ya kaseti yenye spika mbili. Akairekodia muziki wa redio ya ng'ambo ya mpaka, wimbo juu ya wimbo. Nikasikia kwamba ameitwa kupiga kwenye harusi ya mchimba madini mmoja, Maliba. Maliba! Mahali nilipokanyaga kila uwanja! Usiku ule mabega yaliniwasha, nikajua ni nini kinaniita.

Nilikwenda bila kualikwa, gramafoni chini ya shuka, nikakaa nyuma karibu na migomba. Mwenye lori aliniona.

"Ah, mzee wa sahani! Karibu upumzike leo. Mashine hii haichoki, haitaki kuzungushwa."

"Naona," nikamwambia. "Umeutembea uwanja?"

"Nitembee uwanja kwani nauza shamba?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Bi harusi akaingia. Muziki ukalia, na nitasema kweli, ulikuwa mkubwa na safi, ulikupiga kifuani. Shangazi mkubwa wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alimwongoza vizuri mpaka kwenye mkeka. Akageuka kuutafuta mkono. Hakuna mkono. Kuna sanduku jeusi limefumba mdomo. Akamshika bi harusi asiketi. Wimbo ukakaribia kuisha, kina mama wakavuta pumzi, na kabla haujaisha ukaingia mwingine juu yake. Shangazi akamzungusha bi harusi uwanja, mara moja, tena. Mwenye lori alidhani wamependa, akaongeza sauti.

"Lini inaisha hiyo?" shangazi akapiga kelele.

"Haiishi, mama! Ndiyo uzuri wake!"

"Mtoto wa watu amechoka!"

"Si aketi tu!"

"Aketi juu ya wimbo? Uzae wewe hao watoto watakaotoka?"

Bi harusi alikuwa amevaa viatu vya kuazima, na vilikuwa vimeanza kumchuna. Nilimwona akimnong'oneza shangazi. Mwenye lori naye jasho likamtoka, akabonyeza kitufe. Ta! Wimbo ukakatika katikati ya neno. Uwanja wote ukaguna, kama watu walioona mtoto akianguka.

"Umeukata shingo," shangazi akasema polepole, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

Kisha macho yake yakazunguka watu mpaka kwenye migomba.

"Wewe, kaka! Umekaa huko unakula nini? Fungua shuka hiyo!"

Ningeweza kujivuta, lakini niliruka. Walimrudisha bi harusi kwenye kiingilio, akavua viatu, na mimi nikatazama ule uwanja mara moja tu na kuchomoa sahani. Alipoketi, mwiba ulikuwa unakwaruza mahali pasipo wimbo. "Wasingya!" kina mama wakaniimbia, asante kwa lugha yetu, asante, asante, na shangazi akanipa paja zima la mbuzi. Nilidhani nimeshinda.

Lakini jua lilipoanza kulegea, mwenye lori aliwasha tena, na vijana wakacheza. Walicheza bila kusimama, hakuna aliyengoja sahani igeuzwe. Nilikaa na paja langu nikisubiri mtu aje kusema, mzee, tupigie moja. Hakuja mtu hata mmoja. Hata shangazi alikuwa anacheza. Nikaona kwamba nimebaki na kazi ya wimbo mmoja kwa harusi nzima, na wimbo mmoja haumlishi mtu. Wakishazoea kuukata shingo, na huo utaondoka.

Mwingine angekwenda nyumbani kununa. Mimi nilimfuata mwenye lori, nikamwambia: nifungulie.

"Nifungue nini?"

"Hiyo kaseti. Nione njia iko wapi."

Alikuwa na moja iliyotafunwa na mashine. Tukaifungua kwa bisibisi ya lori. Ndani utepe wa kahawia, mrefu, tukauvuta mpaka ukazunguka magurudumu ya lori. Niliuweka juani: hakuna mstari. Niliupitisha ukucha: laini kama jicho. Niliulamba, una ladha ya kutu. Mpaka leo ninapoandika haya sijui sauti inakaa wapi pale, na nimewauliza wengi. Lakini jambo moja nililiona: utepe hauna mwisho wake wenyewe. Mwisho lazima mtu auweke.

"Hii mashine yako inaweza kurekodi gramafoni?"

"Inarekodi hata kikohozi."

"Na kimya?"

Alinitazama kama mtu anayetazama breki mbovu.

Alikuja Bwera siku isiyo ya soko. Tulifunga milango ya nyumba yangu, tukafukuza kuku, tukaweka ile redio mbele ya tarumbeta. Nilipiga sahani moja ya uwanja mrefu. Wimbo ulipoisha niliinua mwiba, nikamwonyesha kwa kidole: usizime. Utepe ukaendelea kuzunguka. Tukakaa. Mtu yule hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, na nilimwona akivimba mashavu, akitazama mashine, akinitazama mimi, akitazama mashine, mpaka akashindwa.

"Mzee," akasema, "sasa tunarekodi nini?"

Nilimpiga kofia ikaanguka. Lakini betri zilikuwa haba, zilizobaki zilitosha harusi tu, hatukuweza kurekodi tena, hivyo kaseti ilienda kama ilivyo kwenye harusi ya Kitswamba, ambako nilikuwa nimeutembea uwanja jana yake. Bi harusi akatembea. Wimbo ukaisha mahali pake, akaketi, kimya kikaingia. Nikashusha pumzi. Na katika kimya kile, kutoka spika mbili, kwa sauti kubwa kuliko ya mwimbaji:

"Mzee, sasa tunarekodi nini?"

Bwana harusi alicheka mpaka akashika mkeka. Bi harusi, ambaye kwa desturi hatakiwi kuonyesha meno siku hiyo, alijifunika uso mabega yakitetemeka. Na wewe unafikiri waliikataa? Nilitengeneza nyingine safi zisizo na neno, kila moja kwa urefu wa uwanja wake. Wakanirudishia. Kuanzia Maliba mpaka mpakani, kina mama walitaka ile yenye swali. Basi ikabidi kila nilipofika mwisho wa sahani nimwite mwenye lori ndani, nimketishe mbele ya mashine na kofia yake, aulize.