Kichupa cha Watoto Kumi

Kipindupindu kilichozunguka dunia kilipofika kwetu Kyela kiliwachukua baba na mama katika juma moja. Niliacha shule darasa la tano nikawalea wadogo zangu wanne. Kitinda mimba alipotimiza miezi tisa, nilimpeleka zahanati achomwe sindano ya surua.

"Kichupa ni cha watoto kumi," nesi akaniambia. "Nikikifungua kwa mmoja, jioni nakimwaga. Njoo na wenzako."

Wenzangu hawakutaka. Wakati wa kipindupindu watu wa afya walitukataza kupeana mikono, na sasa walitaka mikono ya watoto.

Ndipo akaja mtafiti kutoka mjini, ametumwa kuchunguza wazazi wanaosita. Akanichukua nimtafsirie Kinyakyusa. Kila nyumba aliuliza kama wataleta watoto, na kila nyumba akina mama walimjibu, "Ndaga fijo," wakampa ndizi. Naye akaandika: amekubali.

"Bwana, ndaga ni asante," nikamwambia. "Wanakushukuru kwa kuwatembelea. Hata msibani tunaisema."

"Dada, umesoma mpaka la ngapi?"

"La tano."

"Basi tafsiri maswali tu."

Akaondoka na fomu zilizojaa makubaliano, na mkungu wa ndizi nyuma ya gari. Siku ya chanjo tulikuwa mimi, mdogo wangu, nesi na kichupa. Surua ilikuwa imeshaingia Ngana, kata ya jirani.

Nikaenda kwa jirani yangu, mama wa mapacha, nikamwuliza kwa nini hakuja. Fomu haikuwa na swali hilo.

"Mwanangu, dawa ya kichwa tunanunua. Bomba la sindano tunanunua. Siku hizi ni soko huria, hata wali wa msibani una bei! Sasa hii ya bure ina kasoro gani?"

Sikubishana. Nikamwambia kwamba chanjo zisipotumika wiki hii zinarudishwa mjini, wakachomwe watoto wa wenye maduka. Nusu yake ilikuwa kweli.

"Za watoto wetu?" Akainuka. "Kawapa nani ruhusa?"

Kesho yake nilipofika zahanati, foleni ilishatokeza nje ya mlango, na mama wa mapacha alikuwa akigombana na aliye mbele yake. Nikapanga mwishoni, wengine wakaja nyuma yangu. Nesi akachoma, akachoma, kisha akatikisa kichupa.

"Kimeisha."

Mdogo wangu alikuwa wa kumi na moja. Nikageuka haraka kuhesabu kama walio nyuma yangu wanatosha kichupa kingine, nikapigwa kumbo.

"Binti, sogea bwana, unatuchelewesha!"

Nesi akafungua cha pili.